Kombe liko kabatini, mwanafunzi yuko wapi?

(Mazungumzo yetu ya juma, kama yalivyosomwa redioni Jumapili jioni)



Leo nitaanza na barua. Imetoka kwa mama mmoja wa Mbulu ambaye ameniomba nisilitaje jina lake. Anaandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ni mkimbiaji. Amemaliza kidato cha sita, na kwa sababu ya mbio zake amepata nafasi ya kwenda kusoma Marekani katika chuo kikuu cha serikali. Wametuletea kitabu chenye picha nzuri za rangi kinachoeleza mafanikio ya chuo hicho kwa mwaka mzima. Baba yake amekwisha uza ng'ombe wawili kwa ajili ya pasipoti, viza na nauli. Nimesomewa kitabu hicho chote na mwalimu wa shule yetu, lakini sijasikia mahali panaponiambia mwanangu atarudi na nini. Naomba unieleze, hayo mafanikio ya chuo ni ya nani?"

Nimeisoma barua hii mara tatu. Mama huyu ameuliza swali ambalo wakuu wengi wa vyuo hawaulizwi hata siku ya mahafali, kwa kuwa siku hiyo sisi wazazi tuna kazi ya kupiga makofi tu.

Kitabu anachokisema mnakijua. Kila chuo kikuu cha umma, uwe huko ng'ambo au hapa kwetu, hutoa taarifa ya namna hiyo kila mwaka. Chuo cha umma kinaishi kwa fedha za walipa kodi, kwa hiyo ni haki kieleze zimezaa nini. Na taarifa hizo karibu zote zina mafungu matatu. La kwanza ni michezo: tumechukua kombe hili na medali zile. La pili ni taaluma: tumepata maprofesa kadhaa, tumeanzisha shahada mpya. La tatu ni huduma kwa jamii: wanafunzi wetu wamepanda miti, wamechangia damu, wamefundisha watoto wa mtaani. Fungu la michezo huwekwa mbele kwa sababu kombe halihitaji maelezo. Utafiti wa profesa wa kemia utaueleza kwa saa nzima na bado mzee wa kijijini atakuuliza una faida gani, lakini kombe likinyanyuliwa juu kila mtu anaelewa.

Mimi mwenyewe sina ugomvi na makombe. Nami nina langu moja, kwa kusema hivyo. Zamani nilipokuwa nikisomea ualimu, katika chuo ambacho sitakitaja, nilikuwa winga wa kulia wa timu ya mpira. Mwaka mmoja tulisafiri sana kwenda kucheza mechi, na mimi nikakosa majuma mengi ya mazoezi ya kufundisha. Niliambiwa nisiwe na wasiwasi, mambo yatarekebishwa. Tukachukua kombe la kanda. Siku ya kufunga mwaka mkuu wa chuo alilisifu kombe lile kwa dakika kumi nzima. Juma lililofuata matokeo yalibandikwa ubaoni, na jina langu likawa miongoni mwa wanaorudia mwaka. Hakuna aliyenikumbuka. Baba yangu, ambaye aliuza kahawa yake yote kunilipia nauli na nguo, aliniuliza swali moja tu: "Hilo kombe wamekupa wewe?" Sikuwa na jibu. Kwa hiyo mama wa Mbulu aniwie radhi nikilijibu swali lake kwa kirefu, maana nimelibeba kwa miaka mingi.

Nitawasimulia habari za chuo kikuu kimoja cha umma, ambacho mwaka wake mmoja umeandikwa katika vitabu na kutengenezewa filamu. Nacho kina uhusiano na sisi kuliko wengi wetu tunavyojua.

Chuo hicho kiko El Paso, mji ulio pembe ya magharibi kabisa ya jimbo la Texas nchini Marekani. Ni mji wa jangwa na milima mikavu, na mbele yake unapita mto Rio Grande. Ng'ambo ya mto huo ni Meksiko, mji wa Ciudad Juárez. Chuo kilianza mwaka 1914 kikiwa shule ya madini, na wanafunzi 27 tu. Baadaye kikaitwa Texas Western College, na tangu mwaka 1967 kinaitwa Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Majengo yake yana mapaa mapana yaliyojengwa kwa mtindo wa nchi ya Bhutan iliyo katika milima ya Himalaya, kwa kuwa mke wa mkuu wa kwanza aliona picha za nchi hiyo katika jarida akavutiwa nazo.

Sasa tuje kwenye mwaka 1966. Timu ya mpira wa kikapu ya chuo hicho, ikifundishwa na Don Haskins, ilicheza michezo 29 ikashinda 28. Mmoja ilioupoteza, ilifungwa kwa pointi mbili tu. Katika mashindano ya taifa ya vyuo ilipenya kwa tabu. Dhidi ya Cincinnati ilibidi muda uongezwe, na dhidi ya Kansas muda uliongezwa mara mbili, wakashinda kwa pointi moja, 81 kwa 80. Tarehe 19 Machi 1966, huko College Park katika jimbo la Maryland, wakaingia fainali na Chuo Kikuu cha Kentucky, ambacho wakati huo kilikuwa kama mfalme wa mchezo huo.

Wachezaji wote wa Kentucky walikuwa weupe. Haskins aliwaanzisha wachezaji watano, na wote watano walikuwa weusi. Vyuo vingine viliwahi kuchukua ubingwa vikiwa na wachezaji weusi wenye sifa kubwa, lakini katika fainali jambo la watano weusi kuanza kwa pamoja lilikuwa halijaonekana. Kumbukeni, vyuo vingi vya kusini mwa Marekani wakati huo havikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Kulikuwa na maneno ya kijinga yaliyoaminiwa na watu wenye akili zao, kwamba weusi wana miguu na mikono lakini mchezo unahitaji mweupe mmoja wa kuwaongoza. Bobby Joe Hill, kijana mfupi miongoni mwa majitu, aliwapora Kentucky mpira mara mbili mfululizo katikati ya uwanja, akaenda kufunga peke yake. Alimaliza na pointi 20. Texas Western wakashinda 72 kwa 65. Haskins mwenyewe, kila alipoulizwa baadaye, alisema hakuwa na nia ya kuandika historia, aliwapanga tu wachezaji wake bora ili ashinde.

Hapo ndipo vitabu vingi vya picha vinapoishia: kombe, kicheko, mapokezi uwanja wa ndege. Lakini, ndugu msikilizaji, mti hauonekani mizizi. Tuchimbe kidogo.

Wachezaji wale weusi waliingiaje katika chuo cha serikali cha Texas? Mwaka 1954 msichana mmoja mweusi wa El Paso, Thelma White, alimaliza shule ya sekondari akiwa wa kwanza darasani kwake. Akaomba nafasi katika chuo hiki cha mjini kwao. Akakataliwa kwa rangi yake, maana sheria za Texas hazikuruhusu. Akaenda mahakamani. Julai 1955 jaji wa mahakama ya shirikisho akaamua kwamba mlango ufunguliwe, na mwaka huo huo wanafunzi 12 weusi wakaanza masomo. Miongoni mwa vyuo vya serikali vya Texas vinavyotoa shahada, hiki ndicho kilichokuwa cha kwanza kuwapokea weusi katika shahada ya kwanza. Thelma White mwenyewe hakuwamo kati ya wale 12. Kesi ilipokwisha alikuwa amekwisha kuanza masomo katika chuo cha jimbo jirani la New Mexico, akabaki huko. Mwaka 1956 mchezaji wa kwanza mweusi, Charles Brown, akajiunga na timu ya kikapu. Miaka kumi baadaye likaja kombe.

Kwa hiyo kombe la 1966 lilianza kwa msichana ambaye hakuwahi kuvaa jezi ya chuo kile, aliyekuwa na cheti kizuri na wakili. Katika taarifa ya mwaka tungeliweka fungu la michezo. Mimi naliona la taaluma.

Na lile fungu la tatu, huduma kwa jamii? Hapa ndipo tunapoingia sisi. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani alipoanzisha Peace Corps, kundi la kwanza lililopangiwa kuja Tanganyika lilipelekwa kufundishwa katika chuo hiki hiki cha El Paso. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi wa ujenzi na wataalamu wa miamba, waliokuja kusaidia kazi za barabara na upimaji. Chuo kilichozaliwa kikiwa shule ya madini kilikuwa mahali panapofaa kwa watu wa namna hiyo. Miongoni mwa waliyofundishwa yalikuwa maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo, kabla bendera yetu haijapandishwa Desemba 1961, lugha hii ninayowasemesha ilikuwa imekwisha sikika katika madarasa ya jangwa la Texas. Jambo hilo halikuleta kombe, wala sijaliona likitajwa sana. Lakini mtu aliyepimiwa barabara yake anajua thamani yake.

Ndugu wasikilizaji, nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Mwaka mzuri hauna budi kutazamwa pamoja na miaka inayoufuata.

Baada ya ushindi, Haskins alipokea barua za matusi kwa wingi, nyingine kutoka kwa weupe waliochukia kuona weusi wakishinda, na nyingine kutoka kwa watu waliomlaumu kwamba anawatumia vijana wale kama punda wa kubeba makombe. Mwaka 1968 jarida la Sports Illustrated lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu wanamichezo weusi wa Marekani, na El Paso ilitajwa kwa ubaya. Lilieleza juu ya vijana wanaoletwa kucheza, wakishangiliwa uwanjani usiku na kupuuzwa mjini mchana, na ambao muda wao wa kucheza ukiisha wanaondoka bila shahada. Chuo kilijitetea. Ukweli ni kwamba baadhi ya mabingwa wale walimaliza masomo yao, wengine baada ya muda mrefu, na wengine hawakumaliza.

Mwaka huo huo wa 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa, wanariadha tisa weusi wa chuo hicho walikataa kwenda kushindana katika chuo cha Brigham Young. Chuo hicho ni cha kanisa la Mormon, ambalo wakati huo lilikuwa haliwaruhusu watu weusi kupewa ukuhani. Vijana tisa wakaondolewa katika timu na udhamini wao ukaondoka. Mmoja wao aliitwa Bob Beamon. Miezi michache baadaye, Oktoba 1968, kijana huyo asiye na timu alisimama katika uwanja wa Olimpiki mjini Mexico, akaruka mita 8 na sentimeta 90. Rekodi ya dunia ilikuwa mita 8.35. Aliipita kwa sentimeta 55 kwa mruko mmoja, na rekodi yake ikakaa hadi mwaka 1991.

Nadhani mnaona tatizo. Chuo kile kile kilichosifiwa mwaka 1966 kwa kuwapa weusi nafasi ya kucheza, mwaka 1968 kiliwanyima weusi nafasi ya kusema. Mama wa Mbulu alisomee kwa makini jambo hili, kwa sababu mwanawe ataingia kwa mlango ule ule wa miguu.

Tena si yeye wa kwanza kutoka kwetu. Wazee wenzangu watakumbuka mwaka 1980. Tulikuwa tumekusanyika kwenye redio, tukisikiliza michezo ya Olimpiki ya Moscow. Marekani ilikuwa imesusia michezo hiyo, Kenya pia, lakini Tanzania ilikwenda. Filbert Bayi akapata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Kisha Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024, Tanzania ilikuwa haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Nyambui, wakati ule, alikuwa mwanafunzi wa chuo gani? Cha El Paso. Alisoma katika nchi iliyosusia michezo, akaenda kushinda medali katika michezo hiyo hiyo kwa bendera yetu, kisha akarudi darasani. Na mwaka wa masomo uliofuata, yaani 1980 hadi 1981, chuo chake kilifanya jambo ambalo vyuo vingi havijapata kulifanya hata kwa miaka mia. Kilichukua ubingwa wa taifa wa mbio za nyika, ubingwa wa riadha ya ndani na ubingwa wa riadha ya uwanjani, yote matatu kwa mwaka mmoja. Katika mbio za nyika Nyambui alikuwa wa kwanza. Februari 1981, mjini New York, akaweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 za ndani, dakika 13 na sekunde 20.4. Mbio za mita 10,000 za vyuo alizishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Nieleze kidogo kwa wasiojua hesabu ya mbio za nyika. Timu huhesabiwa nafasi za wakimbiaji wake watano wa mbele. Wa kwanza ana pointi moja, wa pili mbili, na kuendelea, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Watano wako wakishika nafasi tano za kwanza utapata pointi 15, na huwezi kupata chini ya hapo. Mwaka 1981 El Paso walipata pointi 17. Katika kundi la wanariadha wa chuo hicho wa miaka ile walikuwamo pia Gidamis Shahanga na Zakariah Barie, vijana wetu. Jumla ya mataji ya taifa ya chuo hicho ni 21, na ukiondoa lile moja la kikapu, yote 20 ni ya mbio na riadha. Mengi ya hayo yaliletwa na miguu ya Waafrika.

Waliokasirika walikuwapo. Makocha wa vyuo vingine walilalamika kwamba El Paso inaleta watu wazima kushindana na watoto waliotoka sekondari juzi, na kwamba nafasi za vijana wa Kimarekani zinaliwa na wageni. Nyambui alizaliwa mwaka 1953, kwa hiyo mwaka 1980 alikuwa na miaka 27. Malalamiko hayo hayakuwa ya bure kabisa. Chuo cha umma kinajengwa kwa kodi ya watu wa mahali pale, na mtu wa El Paso alikuwa na haki ya kuuliza kama mama wa Mbulu: haya mafanikio ni ya nani? Mtoto wangu mimi fundi wa nguo, Mmeksiko wa kandokando ya mto, amepata nini?

Jibu la swali hilo lilichukua miaka mingi, na halikupatikana uwanjani. Mwaka 1988 chuo kilimpata mkuu mpya, Bibi Diana Natalicio, mtaalamu wa lugha, naye akakiongoza hadi mwaka 2019, miaka 31. Yeye alishika msimamo ambao wengi waliubeza. Walimwambia achague: ama uwe na chuo cha kuwapokea watoto wa maskini wa mji wako, ama uwe na chuo cha utafiti cha kuheshimika, viwili havikai pamoja. Akasema vitakaa. Zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wa chuo hicho leo ni wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kilatini, wengi wao wakiwa wa kwanza kuingia chuo kikuu katika familia zao. Vijana wa ng'ambo ya mto, wenye uhitaji, waliruhusiwa kulipa ada ile ile wanayolipa wakazi wa Texas. Alipoingia kulikuwa na programu moja tu ya shahada ya udaktari, ile ya jiolojia iliyoanza mwaka 1974. Alipoondoka zilikuwa zaidi ya 20. Mwishoni mwa mwaka 2018 chuo kikapandishwa katika daraja la juu kabisa la vyuo vya utafiti nchini Marekani, bila kuufunga mlango wake.

Michezo nayo haikufa. Mkenya Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mjini Seoul mwaka 1988, aliajiriwa huko kuwa kocha mwaka 2003. Katika mikono yake alipita Emmanuel Korir, aliyeshinda mita 800 za vyuo mwaka 2017 akiwa mwanafunzi wa El Paso, kisha akashinda dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021. Naona hapo mabadiliko yenye maana. Zamani Mwafrika aliletwa kukimbia tu. Sasa Mwafrika yuko upande wa mwalimu pia, na kijana akipotea kimasomo au kimaisha, kuna mtu wa kumwambia kwa Kiswahili, "Kaa chini tuzungumze."

Basi, mama yangu wa Mbulu, sasa nakujibu.

Sisemi umzuie mtoto. Aende. Miguu ni kipaji kama akili zilivyo kipaji, na ni haki imfungulie mlango. Lakini kabla ya kutia sahihi, mwalimu wa shule yenu na aandike barua ya maswali manne, nao wajibu kwa maandishi.

Kwanza, udhamini huo ni wa miaka mingapi? Tangu mwaka 1973 vyuo vya Marekani vilikuwa vikitoa udhamini wa michezo wa mwaka mmoja mmoja, unaofanywa upya kwa hiari ya chuo. Tangu mwaka 2012 vimeruhusiwa kuutoa kwa miaka kadhaa kwa pamoja, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Uliza: mwanangu akivunjika goti mwezi wa pili, atamaliza masomo au atarudishwa nyumbani na magongo?

Pili, kati ya wanariadha waliowapokea miaka iliyopita, wangapi wamemaliza shahada? Hili si swali la ufidhuli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inavitaka vyuo vinavyotoa udhamini wa michezo kutangaza hesabu hiyo, nayo huhesabiwa kwa kuangalia waliomaliza katika miaka sita. Kitabu chenye picha hakiiweki mbele, lakini wanayo.

Tatu, atasoma nini? Akitaka uhandisi, na maabara ziko alasiri, na mazoezi ya mbio yako alasiri, nani atampisha mwenzake? Mimi nilijua jibu la swali hili nikiwa nimekwisha chelewa.

Nne, akiwa na shida, atamwendea nani? Asiwe kocha peke yake. Kocha ni mtu mwema pengine, lakini kazi yake inategemea kushinda. Wale vijana tisa wa mwaka 1968 wangekuwa na mtu mwingine wa kuwasemea, huenda mambo yangekwenda kwa njia nyingine.

Na sisi wengine ambao hatuna mtoto anayekwenda Marekani, maswali haya hayatuachi. Vyuo vyetu vya umma vimekuwa vingi, na kila mwaka husoma orodha zao siku ya mahafali, zikiwa na makombe ya michezo ya vyuo vya Afrika Mashariki, ushirikiano na vyuo vya nje, miti iliyopandwa na vituo vya afya vilivyopakwa rangi. Tupige makofi, ndiyo. Kisha mmoja wetu ainuke kwa adabu aulize: waliotuletea kombe hili, leo wangapi wamevaa joho? Miti ile ya mwaka jana, mingapi imeota? Na watoto wa kata inayokizunguka chuo hiki, wanaouza maandazi getini, wangapi wameingia humu kusoma? Mkuu wa chuo mwenye mafanikio ya kweli hatachukia kuulizwa. Atafurahi, maana atakuwa na majina ya kutaja.

Filbert Bayi, baada ya mbio zake, alianzisha shule ambazo mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Nyambui alirudi akafanya kazi katika uongozi wa riadha ya taifa. Hao medali zao zimezaa. Wapo wengine wengi ambao tuliwashangilia na leo hatujui wako wapi, na ambao cheti cha darasa moja tu zaidi kingewafaa kuliko vifijo vyetu vyote.

Jana nilizungumza kwa simu na yule mwalimu wa Mbulu. Ameniambia barua ya maswali imekwisha andikwa na imepelekwa, na kwamba baba wa kijana, ambaye alikuwa tayari kumpeleka mnadani ng'ombe wa tatu, amekubali kusubiri mpaka majibu yaje. Kijana mwenyewe, ameniambia, alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akaja akaongeza swali la tano: maktaba yao inafungwa saa ngapi?

Nawatakia juma jema. Kwaherini.